Sale Halipiti Kwenye Simu

Kwa miaka kumi na moja bei ya ndizi ilisafiri kutoka Kariakoo hadi Mwika ikiwa imekunjwa. Fortunata aliiandika kwenye vipande vya karatasi, kipande kimoja kwa kila mama aliyemuuzia mikungu, akavikabidhi kwa Hamis, kondakta wa basi la Moshi. Kila kipande kilikuwa na jina lake na bei yake. Mama mwenye haraka ya ada ya shule aliandikiwa ndogo. Mwenye mdomo aliandikiwa kubwa kidogo. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake karatasi, maana kila mmoja alidhani ndiye anayependelewa.

Ndipo simu za mkononi zikaingia. Fortunata akanunua yake, akaivaa shingoni kwa kamba, akawatangazia wenzake wa Shimoni, kule chini ya soko wanakouza jumla, kwamba karatasi zimepitwa na wakati. Mwika kulikuwa na simu moja tu, ya Jovin muuza sabuni na chumvi. Mtandao ulishika mahali pamoja: juu ya jukwaa la mizani la chama cha ushirika, ambalo halikuwa limepima kahawa tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe.

Jumamosi, siku nne kabla ya Ramadhani, akampigia mama yake mdogo, Candida. Mwezi wa mfungo mji mzima hutaka ndizi za futari. Lori moja lililojaa siku ya kwanza ndilo linaloamua wateja watakuwa wa nani mpaka Idi. Asipolipata, Seifu, jirani yake wa kizimba cha pili, angewazoa wote.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Anasema shikamoo!" sauti ya Jovin ikapaa.

"Jovin, mpe mama simu."

"Hataki kuishika, anasema inachoma sikio. Wewe sema, mimi namfikishia."

Fortunata alikuwa na wateja watatu mbele yake na vocha inayoyeyuka. Akasema harakaharaka: "Mwambie yeye nampa elfu mbili kwa mkungu. Wale wengine awaambie elfu moja na mia mbili, kama kawaida."

Jovin akafikisha. Alifikisha kwa sauti ya mtu aliyesimama jukwaani siku ya soko, mbele ya kina mama waliokaa chini na mikungu yao. "Anasema wewe elfu mbili! Hawa wengine elfu moja na mia mbili, kama kawaida!"

Fortunata akasikia soko zima likinyamaza. Hakuwahi kujua kwamba hata kimya hulipiwa kwa dakika. Kisha mama mmoja akauliza, taratibu kabisa, "Kama kawaida?" Simu ikakatika.

Jumapili, baada ya ibada, Jovin alibipu. Fortunata akapiga.

"Dada, kina mama wamekaa kikao. Wanasema ndizi ukazitafute Bukoba."

"Waambie elfu mbili kwa wote."

Sauti zikapishana huko. "Bei wameisikia. Wanauliza, na kosa?"

"Waambie samahani."

Safari hii Candida mwenyewe aliinyakua simu. "We Fortunata! Samahani ya kupitia mdomo wa Jovin? Sale halipiti kwenye simu!"

Fortunata alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Mchaga aliyekosa hapeleki maneno matupu. Hupeleka jani la sale, lile refu la kijani linalopandwa mipakani, limefungwa fundo. Anayeletewa halikatai, hata awe na hasira ya kuua. Tatizo, Kariakoo unapata kila kitu kasoro sale.

Jioni ile alikwenda Ilala kwa mzee Elisaria, Mchaga mwenzake, fundi cherehani mstaafu, aliyepanda mche wa sale uani.

"Shikamoo, meku," akamwita kama wazee wa kwao wanavyoitwa. "Nataka sale." Mkono ulikuwa umeshaingia kwenye pochi.

"Marahaba. Rudisha hela yako, sale haliuzwi. Umemkosea nani?"

"Ni mambo ya biashara tu, meku."

"Kosa lina jina. Liseme."

Fortunata akatazama ukuta. "Niliwaandikia kila mmoja bei yake. Wenye shida ndio niliowaandikia ndogo."

"Umewakosea wangapi?"

"Wote kumi na wanne."

Mzee akakata jani moja, akampa. "Funga fundo mwenyewe. Mikono yangu haijamwibia mtu."

Jumatatu alfajiri Hamis alilipokea jani mlangoni mwa basi akacheka. "Na simu yote hiyo shingoni, dada? Imekushinda?"

"Peleka, Hamis. Usinichekee."

Jumanne simu haikulia kutwa. Seifu alishusha lori lake la kwanza akipiga miluzi. Magharibi mwezi ukaonekana, misikiti ikatangaza.

"Jirani," Seifu akaita, "mwezi umeandama, na wewe mbona kama umeandamwa?"

Simu ya Fortunata ikabipu. Akapiga. Alikuwa Candida, peke yake bila Jovin, simu sikioni.

"Gari limepakia, liko njiani. Sale hatulikatai, tumekusamehe. Lakini kusamehe ndiyo kazi ya sale, kuamini si kazi yake. Mektilda binti yangu amepanda humo. Atakaa hapo kizimbani kwako."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka tuchoke sisi."

Asubuhi ya mfungo wa kwanza lori liliingia. Mektilda akateremka, vumbi mpaka kwenye kope, na simu iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Kina mama kumi na wanne walikuwa wameichangia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole na safari. Kapumzike nyumbani kwanza."

"Sikuja kupumzika. Mkungu hapa leo unauza ngapi?"

Wateja walikuwa wameshazunguka. Fortunata akaitazama mikungu. Ulimi wake ulijua njia ya zamani. Kupunguza mia tano tu, nani angejua?

"Elfu nne na mia tano," akasema.

Mektilda hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mteja wa mbele, Mwanamkuu mwenye mgahawa wa Gerezani, aone kama atashtuka. Mwanamkuu hakushtuka; alikuwa akichagua mikungu mikubwa.

Mektilda akafungua pindo la kanga, akaanza kubonyeza namba ya Jovin.

"Sogeza hilo kreti, dada," akasema. "Nikae."