Blauzi ya Alhamisi

Alhamisi ile Nofezile aliomba vizuri kuliko siku zote, na balaa lote lilianzia hapo.

Akina mama wa umoja walikuwa wamepiga magoti kanisani na blauzi zao nyekundu, kola nyeupe, pini kifuani. Nofezile alianza polepole, akalia kidogo kama kawaida yake. Kisha akasema, "Baba, mtazame mjakazi wako Nozizwe. Mwezi wa tano alimbeba mtoto wake akampeleka kwa mganga wa kule mlimani, mtoto akafungwa shanga, na mama anavaa pini yako. Mrehemu, Baba."

Sauti za amina zikakatika. Nozizwe alibaki amefumba macho. Angefanya nini? Maombi hayakatizwi, hata paa likiungua unangoja amina. Ikambidi abaki amepiga magoti pale pale asikilize aibu yake ikianikwa, mpaka rangi ya shanga.

Na Nofezile alizijuaje rangi? Alikuwepo. Yeye ndiye aliyesema habari za huyo mganga, siku Lihle, binti wa Nozizwe, alipoanguka kifafa mara tatu mfululizo. Yeye ndiye aliyetangulia njiani, akisema, "Twende, dada, mtoto atakufia mikononi."

Lakini safari ile ya kwa mganga ilimkosesha Nozizwe raha. Yeye ni mtu wa kulishika Neno kama lilivyoandikwa, na Yakobo ameandika watu waungamiane dhambi. Jumatatu ya wiki ile ile, kabla ya maombi hayo, walikuwa wakichambua maharagwe jikoni, akamwambia Nofezile, "Twende kwa MaDlomo, mimi na wewe, tukaseme."

MaDlomo ni mke wa mchungaji, mkuu wa umoja. Utaratibu wake unajulikana: ukijileta mwenyewe, unaonywa na kuombewa, yanaisha. Ukifichuliwa, unavuliwa blauzi. Na blauzi si nguo tu. Mama yake Nozizwe alizikwa nayo, na bibi yake pia.

"Ngoja Alhamisi," Nofezile alimjibu. "Tuombe kwanza." Nozizwe, masikini, akamshukuru.

Maombi yalipokwisha, MaDlomo aliuliza, "Ni kweli, Nozizwe?"

"Kweli, mama."

"Ulikwenda peke yako?"

Kanisa zima likatega sikio. Nofezile alikuwa anajifuta machozi, macho chini. Neno moja tu lilitosha kumshusha naye, na Nozizwe lilimfika mpaka ncha ya ulimi. Lakini Bwana alisema ndugu akikukosea, mwendee, wewe naye peke yenu kwanza.

"Kuna mtu nataka kusema naye kwanza, mama. Mimi na yeye tu."

MaDlomo aliona huo ni ukaidi, na wala simlaumu. Akatoa adhabu: mwaka mzima bila blauzi, na Mungu akimwita ndani ya mwaka huo, atazikwa na gauni la nyumbani.

Ijumaa asubuhi Nozizwe alikuwa anajifunga kitambaa aende kwa Nofezile, akasikia hodi. Ni Nofezile mwenyewe, ametumwa kuchukua blauzi. Wamemtuma yeye kwa sababu ni rafiki yake.

"Ingia," Nozizwe alisema. "Umenifupishia safari. Umenikosea, Nofezile. Nilikuwa nakuja kukuambia wewe, si mtu mwingine."

"Nimekosa nini? Mimi sikumwambia mtu. Nilimwambia Mungu."

"Mbele ya akina mama ishirini na wanane."

"Walikuwa wamefumba macho."

Nozizwe alitaka kucheka. Miaka kumi na minne walikuwa wanakula sahani moja. Huyu ndiye aliyemshika mkono siku Lihle alipozaliwa. Akaegemea meza.

"Na wewe uliyenitangulia njiani, huyo Mungu hukumtajia?"

"Yangu nayajua mimi na Bwana." Nofezile alitazama mlangoni. "Ungesema wewe, Nozizwe. Nilikujua, ungetutaja wote wawili. Mimi nina mkwe anayekuja Desemba. Ningeonekana vipi?"

Basi. Hakuna kosa aliloliona, isipokuwa kwamba angeonekana. Nozizwe aliingia chumbani, akatoka na blauzi aliyoifua usiku na kuipiga pasi asubuhi, kola imenyooka, pini imefungwa kwenye karatasi. Akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mgeni kitu.

Nofezile akaipokea, na machozi yake yale yale yakaanza kumtoka. "Nitakuombea, dada. Kila Alhamisi."

"Niombee," Nozizwe alisema. "Lakini ingia chumbani kwako kwanza, ufunge mlango. Hilo nalo limeandikwa."