Blanketi la Nelius

Walitoka Kiirua saa moja asubuhi, na saa nne iliwakuta hata Chuka hawajafika. Lori la mawe lilikuwa limeharibikia katikati ya barabara baada ya Nkubu, magari yakapanga mstari mrefu kupanda kilima. Gari lenyewe walikuwa wameliazima kwa Mutuma, mwalimu mwenza wa Njagi, na dirisha la upande wa mkewe Kinya halikushuka. Mtoto alikuwa ametapika mara mbili: mara ya kwanza kwenye nguo yake, mara ya pili kwenye gauni la mama yake, lile la bluu alilolishona kwa ajili ya kwenda ukweni.

"Ulisema tukitoka mapema hatutapata shida," Kinya alisema.

"Sikujua kama lori nalo litatoka mapema," Njagi akajibu. Kinya hakucheka.

Simu ya Njagi ikalia. Yeye alikuwa ameshika usukani, kwa hivyo Kinya akaipokea na kuweka sauti kubwa. Alikuwa mama mkwe wake, akipiga kutoka nyumbani kwake karibu na Runyenjes.

"Mama Nelius, mmefika wapi?" mama mkwe aliuliza kwa furaha. "Akina mama wa kanisa wamefika wote. Chapati ziko tayari. Leteni huyo Nelius wangu nimshike."

Nelius lilikuwa jina la mama mkwe mwenyewe. Mtoto aliyelala kwenye mapaja ya Kinya aliitwa Kaari.

"Tuko njiani, Mami," Njagi aliita kutoka upande wake. Kinya akakata simu na kuiweka chini polepole.

Kwa desturi ya kwao wote wawili, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kinya alijua hivyo tangu utotoni. Lakini mama yake, Kaari, alifariki wiki tatu kabla ya mtoto kuzaliwa, na pale hospitalini Kinya alimwomba mumewe jina hilo. Njagi alilia pamoja naye, akakubali. Mami nitamwambia mimi, alisema.

"Hukumwambia," Kinya alisema.

"Nilikuwa nangoja nafasi nzuri."

"Miezi mitano, Njagi."

"Kila nikimpigia anaanza kwa kuniombea. Ungekuwa wewe ungeingilia wapi?"

"Ningeingilia baada ya amina."

Mstari ukasogea kidogo, ukasimama tena. Mtoto akaanza kulia, kile kilio cha joto na njaa na kuchoka kukaa. Njagi akapangusa jasho.

"Leo tu tumwite Nelius," alisema. "Mtoto mwenyewe hajui. Tukirudi nyumbani nitampigia Mami nimweleze vizuri."

"Kwa hivyo nikae pale siku mbili nikiitika Mama Nelius?"

"Siku mbili ni nini, Kinya?"

"Mama yangu nimemzika mara moja. Sitamzika tena mbele ya chapati."

Mwishowe wakafika Chuka. Hapo Kinya akamwambia asimamishe gari, akashuka na mtoto, akaenda kuketi kwenye ukuta mfupi kando ya mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi. Alitaka kulia, lakini mtoto alikuwa ameshalia kwa niaba ya wote.

Yule mwanamke hakumuuliza kitu. Alimpisha kwenye kigoda chake penye kivuli, akaleta maji kwenye karai, akaloweka kitambaa na kufuta bega la lile gauni kama vile ni lake. Doa halikutoka. Basi akavua leso yake mwenyewe na kumfunga Kinya begani, ikaficha doa lote.

"Utairudisha mkipita kurudi."

"Lakini hunijui," Kinya alisema.

"Si nimekuona?" Akampa na ndizi mbili, moja ya mwenye gari. "Yule naye anaonekana hajala."

Kinya alimnyonyesha mtoto mpaka akalala. Aliporudi garini alimpa Njagi ndizi yake, kwa sababu alikuwa ametumwa. "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi," alisema. "Nikiwa bado langoni."

Walifika saa nane. Akina mama walikuwa wamejipanga nje, wakapiga vigelegele vitatu, vya msichana. Nelius mwenyewe alisimama mbele yao, na mkononi alikuwa na blanketi jeupe alilolifuma kwa mkono. Kwenye pembe kulikuwa na herufi kubwa za uzi mwekundu: NELIUS.

Kinya alimtazama Njagi. Njagi alikuwa akitafuta kitu chini ya kiti ambacho hakikuwepo.

Kinya akashuka na mtoto, bila mumewe. "Mami," alisema, "anaitwa Kaari. Ni jina la mama yangu. Njagi alipaswa kukwambia."

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Nelius aliangalia blanketi, akaangalia mtoto, akaangalia gari. Kinya aliona wazi kwamba ameumia.

"Mazishini nilikuja," Nelius alisema mwishowe. "Nilikuona umesimama na hilo tumbo, na hakukuwa na mahali pa kukukalisha." "Ningekataa mimi? Mngeniuliza tu."

Akakunja ile pembe yenye herufi nyekundu, akaigeuza ndani, akamfunika mtoto kwa upande usio na kitu. Kisha, harufu ya matapishi ikiwa imemfikia, akaita kuelekea gari bila kugeuza kichwa.

"Njagi, hizo nguo zilizotapikiwa zitoe huko. Karai liko nyuma ya jikoni." Akamshika Kinya bega lenye leso. "Mama Kaari, ingia ule."