Karatasi Iliyomfuata Ng'ombe

Mume wangu Kiprugut ni mtu mwema, na wema wake ndio uliotufikisha kortini. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wangu mimi, Chelagat. Siku ya harusi nilisimama mlangoni kwa mama mkwe nikakataa kuingia, kama ilivyo desturi yetu, mpaka nikaahidiwa mtamba mwekundu mwenye baka usoni. Ndipo nikaingia.

Mwaka wa hamsini na tatu mzungu wetu huko Keringet akakataza wafanyakazi kufuga ng'ombe. Kiprugut akampeleka wangu rizavu, eneo la kwetu nje ya mashamba ya wazungu, kwa rafiki yake Kosgei, amtunze na anywe maziwa, lakini ng'ombe na ndama wabaki wetu. Watu wetu huwekeana mifugo hivyo. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi ya mzungu kwamba hana ng'ombe popote. Kila mtu aliweka. Ila ni Kiprugut peke yake aliyedhani karatasi ile ni ya ng'ombe, kwamba lazima imfuate aendako. Nakala aliyopewa akaibeba mwenyewe akampa Kosgei aitunze! Hata leo nikikumbuka nawaka.

Baada ya miaka mitatu na ndama wawili, Kosgei, mzee wa kanisa, akasema ng'ombe ni wake.

Katika korti ya wazee aliikunjua ile karatasi kwa unyenyekevu wa kuchefua. Karani akaisoma. Mzee Kiplangat, mkubwa wa korti, akamgeukia mume wangu.

"Hii kidole ni yako?"

"Ni yangu, mzee. Lakini hapo nilikuwa nadanganya mzungu."

"Kama huko ulidanganya, hapa tutajuaje husemi uongo?"

Wazee wanne wengine wakaitikia kwa vichwa, wameshiba busara. Ng'ombe wangu alikuwa anaenda hivyo, na hakuna aliyeniuliza neno. Nikasimama.

"Mama, kaa chini," Kiplangat akasema.

"Nitakaa, mzee. Nauliza tu. Bwana shamba wa serikali alipokuja kuhesabu mifugo yako, uliandikisha ng'ombe wawili. Wale saba uliowaweka kwa ndugu yangu Kipketer, sasa ni wake? Yuko hapo nje. Nimwambie?"

Karani aliacha kuandika. Kiplangat alikohoa, akatafuta leso, akakohoa tena. Kisha akatangaza kwamba karatasi za wazungu ni mambo ya wazungu, na korti hii hufuata desturi. Wenzake walikubali upesi mno. Nadhani kila mmoja alikuwa na Kipketer wake mahali.

Njiani Kiprugut aliwasifu wazee kwa hekima yao. Mkononi alishika nakala ya hukumu, iliyosema kwamba ng'ombe na ndama wawili ni wa Kiprugut. Jina langu halikuwemo.

Nikamnyang'anya karatasi hiyo. Ng'ombe wangu nikawapeleka kwa Kipketer, wakae pamoja na wale saba wa Kiplangat, ambao ninawahesabu kila ninapokwenda kukamua.