Ubia na Wilibrodi

Soko huria lilipoanza kuchangamka Ufipa, ilifunguliwa Majengo, mjini Sumbawanga, ofisi ambayo watu hawakuielewa. Mlangoni iliandikwa kampuni ya mtaji wa ubia. Wengi waliingia wakidhani ni benki, wakaambiwa si benki na haikopeshi. Ikiipenda biashara yako inaleta mtaji, inachukua hisa, na tangu siku hiyo mnapata pamoja au mnakosa pamoja.

"Yaani nikifilisika hamnidai?" waliuliza.

"Hatukudai."

Baadhi walicheka. Wengine walitoka haraka, wakihisi kuna uganga ndani yake.

Coleta, binti wa mtaa wa Chanji aliyerudi nyumbani na stashahada ya uhasibu, alikuwa ofisa mdogo kuliko wote pale. Mkuu wake, Bwana Meshack, alikuwa amefanya kazi benki Mbeya miaka mingi. Alikuwa mtu makini, viatu vyake vinang'aa hata mwezi wa vumbi. "Kazi yetu kubwa ni kukataa," alimwambia Coleta wiki ya kwanza. "Wanaokuja hapa wote wana maneno matamu. Wewe kataa, utadumu."

Coleta akakataa. Alikataa wenye mashine za kukoboa, wenye mabasi ya ndoto, hadi mjomba wake mwenyewe. Kisha akaja Wilibrodi.

Wilibrodi alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye karakana ndogo nyuma ya soko. Aliingia na kipande cha chaki, akapiga magoti akachora mkokoteni wa ng'ombe sakafuni, palepale mbele ya meza.

"Zamani ushirika ulifuata mahindi kijijini," alisema. "Sasa wanunuzi binafsi wamekuja na malori, lakini hawaachi barabara kuu. Mkulima anabeba gunia kichwani, mkewe anabeba, watoto wanabeba. Nusu ya mavuno yanaozea ndani. Ng'ombe wapo, dada. Wasukuma wamehamia huku na maksai wenye nguvu kweli. Kinachokosekana ni mkokoteni."

Coleta alienda kijijini kujionea. Aliwakuta kina mama wametua magunia kando ya njia ya Matai wakipangusa jasho, huku dereva wa lori barabarani akipiga honi kuwahimiza. Aliporudi alimwambia mkuu wake kwamba huyu asikataliwe. Bwana Meshack alikuna kidevu siku nzima, mwishowe akakubali. Kampuni ikamnunulia Wilibrodi jenereta, mashine mpya ya kuchomelea na shehena ya chuma.

Mikokoteni ya kwanza iliuzwa kabla rangi haijakauka. Msimu ulikuwa unakaribia na watu walikuwa na haraka. Wilibrodi naye alikuwa na haraka. Magurudumu aliyatengeneza mwenyewe kwa chuma chembamba, yakazunguka juu ya bomba bila beringi, na hakuna aliyeyajaribu kwenye mawe yakiwa na mzigo.

Mavuno yalipoanza, magurudumu yakaanza kuvunjika.

Asubuhi moja mzee Ngeleja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande wa Matai, aliingia ofisini akiwa amebeba gurudumu lililopinda kama sahani ya bati. Akaliweka juu ya meza ya Coleta.

"Shikamoo, mzee," Coleta alisema akiinuka.

"Marahaba. Mwenye hili gurudumu nani?"

"Fundi Wilibrodi, mzee."

"Nimeambiwa kwamba na nyinyi mmo."

Coleta alimtazama Bwana Meshack, ambaye aliinamia makaratasi. "Ndiyo," akasema. "Na sisi tumo."

Ngeleja alieleza, bila kupandisha sauti, jinsi maksai wake mmoja alivyoumia mguu, na mahindi yalivyomwagika bondeni yakaliwa na nyani. Kisha akaondoka, gurudumu akaliacha palepale.

Bwana Meshack alifunga mlango. "Umeona? Tuchukue jenereta na mashine tuviuze mapema, kabla jina letu halijaharibika zaidi. Biashara hii imekufa."

"Haijafa, bosi. Umemsikia yule mzee? Hakusema hataki mkokoteni. Amesema hataki gurudumu hili."

"Coleta, usimpende mteja kuliko kazi."

"Hii ndiyo kazi," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Tumewaambia watu tunakosa pamoja. Leo ndiyo siku ya kukosa. Tukikimbia sasa, nani mwingine Sumbawanga atatuamini?"

Mkuu wake aliligeuza lile gurudumu mezani. "Mpaka mwisho wa msimu," alisema hatimaye. "Na ukishindwa, ripoti utaiandika wewe."

Karakana ilikuwa imefungwa. Coleta alimkuta Wilibrodi nyumbani kwake, amekaa uani, hana hata hamu ya kunyoa. Alipomwona tu akaanza kulaumu njia, mawe, maksai na watu wanaojaza magunia kupita kiasi.

"Kaka Wilibrodi," Coleta alimkatiza, "gurudumu lako ni baya."

Fundi alinyanyuka kwa hasira. "Na wewe? Si ulikuwa upande wangu?"

"Niko upande wako, ndiyo maana nakwambia mimi. Wengine wanasemea sokoni."

Alikaa tena. Mkewe, Mariana, aliyekuwa akipepeta ulezi, alisema bila kugeuka, "Mimi nilimwambia mwezi uliopita. Labda leo atasikia, maana kasema mtu wa ofisi."

Wilibrodi alitazama chini, kisha akacheka kicheko kidogo cha uchungu. Hapo ndipo walipoanza kuzungumza. Alijua dawa yake tangu zamani: ekseli za magari mabovu, na beringi zake na matairi yake. Alichoogopa ni kuwarudia watu aliowauzia. Coleta alimwambia watakwenda wote.

Wakazunguka. Kwa lori la kukodi walipita kijiji hadi kijiji, wakipakia mikokoteni mibovu, wakiomba radhi, wakisikiliza matusi. Bibi mmoja aliwasema kwa Kifipa tangu walipofika hadi walipopanda lori, na Coleta, aliyelelewa katika lugha hiyo, alielewa kila neno akaitikia yote kwa adabu. Kila mkokoteni ulirudishwa kwa mwenyewe na ekseli ya gari, bila malipo. Faida yote ya msimu iliishia humo.

Wa mwisho alikuwa Ngeleja. Alifunga maksai wake, akaujaza mkokoteni mawe badala ya mahindi, akaupandisha kilima kilichovunja ule wa kwanza. Wilibrodi alifumba macho. Coleta hakufumba. Mkokoteni ulipanda, ukatingisika, ukafika juu, ukashuka, na magurudumu yakaendelea kuzunguka taratibu bila kelele.

"Nitengenezee mingine miwili," Ngeleja alisema. "Na kaka zangu watakuja."

Walikuja kaka zake, wakaja majirani wa kaka zake. Habari ya fundi aliyefuata mikokoteni yake mibovu ilifika hadi Kasanga, ziwani, ambako wafanyabiashara wa dagaa waliagiza ya kwao. Msimu uliofuata Coleta alimpeleka Bwana Meshack Matai siku ya soko. Mikokoteni ilikuwa imejipanga toka barabarani hadi mbali, imejaa mahindi na maharage, na safari hii madereva wa malori ndio waliokuwa wakisubiri zamu. Bei walipanga wakulima. Kina mama walikaa juu ya magunia wakipiga soga.

Viatu vya Bwana Meshack vilijaa vumbi na hakuvipangusa. "Mimi ningeiua hii," alisema.

Miaka miwili baadaye Wilibrodi, akiwa na mafundi kumi na karakana mpya, alinunua kwa fedha zake hisa zote ambazo kampuni ilikuwa nazo katika biashara yake, na wakubwa wa kampuni kutoka makao makuu Mbeya walikuja kushuhudia. Palichinjwa ng'ombe, zawadi ya Ngeleja. Mariana alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Mkubwa mmoja wa Mbeya alisimama akatangaza kwamba Bwana Meshack anahamishwa, na ofisi ya Sumbawanga itaongozwa na Coleta. Bwana Meshack ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, na ndiye aliyempendekeza.

"Useme neno," watu walimwambia.

Coleta alisimama. "Katika kazi hii nilifundishwa kukataa," alisema, "na hilo bado ninalihitaji. Mengine nimefundishwa na huyu." Akamwonyesha Wilibrodi, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mkewe. "Kesho ofisi iko wazi kuanzia saa mbili. Mwenye biashara aje."

Kesho yake, alipofika na funguo, foleni ilikuwa imeshapita kona.