Swali la Mama yake Hatsue

Hatsue Minowa alipofika studio yetu ya Kyoto mwaka 1971, alikuwa na miaka ishirini na miwili na hajawahi kuigiza popote. Mimi nilikuwa mshonaji wa mavazi. Filamu zetu zilikuwa za haraka haraka: magenge ya wasichana, visu, damu ya rangi, na nguo lazima zichanike mapema. Mshono wa begani niliuacha legelege makusudi.

Ndani ya miaka mitano alicheza filamu thelathini na nane. Wanaume walimtambua barabarani, kisha wakageuka pembeni ili wake zao wasigundue. Nyumbani kwao Akita aliandika kwamba anauza vitambaa.

Majira ya baridi ya mwaka 1976, mama yake, muuza tofu, ile jibini ya soya, alitokea langoni kwa studio bila taarifa, amebeba figili zilizokaushwa kwa moshi. Jirani alikuwa amemwambia kuhusu bango la sinema mjini, naye akaenda, akaitazama filamu mpaka mwisho. Hatsue alipauka. Mwongozaji wetu, Bwana Ukai, alimpa mama kiti, akijiandaa kutukanwa.

Mama alikunywa chai kwanza.

"Ile ngazi kwenye filamu," akamwambia bintiye. "Ulianguka wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Uliumia?"

"Kidogo tu."

"Hebu inua mkono wa kushoto."

Mkono ulikomea usawa wa bega. Mimi nilijua; kwa miezi miwili nilikuwa nikimsaidia kuuingiza mkono ule kwenye nguo, na aliniapisha nisiseme.

Mama akamgeukia Ukai. "Mambo ya kuvua nguo ni shauri lake, ni mtu mzima. Ila wa kuanguka mtafute mwingine."

Ukai alikuna kichwa, akasema hata yeye hajui kwa nini hawakuwahi kumtafuta.

"Kwa sababu mimi nilikuwa sikatai," Hatsue akasema, kisha akalia mbele yetu sote.

Daktari alikuta mfupa wa mtulinga umevunjika na kuunga vibaya. Hatsue alipumzika majuma sita, na filamu tuliyokuwa tukiipiga akapewa msichana mwingine. Aliporudi alicheza wakuu wa magenge, wanawake wanaoamuru wakiwa wamekaa, na aliendelea hivyo miaka kumi.

Mama yake alizitazama zote, na kila mara aliandika barua. Hatsue alinisomea nilipokuwa nikimpima nguo. Uchi haukutajwa hata siku moja. Mama alilalamika tu kwamba bintiye, akila mbele ya kamera, anashika vijiti kama mtu asiyefunzwa.