Mionzi ya Alhamisi

Neno lililomponza Tunu ni mionzi. Daktari wa meno, Octavian, alilitamka kwa wepesi tu, huku akivua glavu: "Leo nimekwangua ugaga upande wa kulia. Alhamisi ijayo nasafisha wa kushoto, halafu nakupiga mionzi kidogo kwenye fizi." Akaita mgonjwa mwingine.

Haya, nani alimzuia Tunu kuuliza? Fundi cherehani yule wa Gongoni, anayebishania bei ya kitambaa mpaka muuzaji anataka kulia, siku hiyo akakosa ulimi. Kweli, nusu ya mdomo ilikuwa na ganzi, lakini msiisingizie ganzi. Mtaani kwao mionzi ina kazi moja tu. Mama yake mdogo alipelekwa Mwanza kupigwa mionzi, akarudishwa kuzikwa. Kwa hiyo zile fizi zilizotoka damu miaka miwili kila akipiga mswaki, na yale meno ya mbele yaliyoanza kucheza, Tunu aliyapa jina palepale mlangoni kwa daktari: saratani.

Hakumwambia mtu. Angemwambia mumewe, Abbasi, mwanamume angelia, na Tunu asingeweza kumtazama akilia. Akakaa na lile neno kama mtu aliyefungiwa chumbani na nyoka. Akishona, lipo. Akimwogesha mtoto wake wa mwisho, wa miaka minne, lipo, tena hapo ndipo lilipomkaba hasa. Nani atamwogesha huyu? Abbasi ni seremala hodari, lakini mtoto akikohoa tu anatafuta mwanamke wa kumuuliza. Ataoa, na ataoa haraka. Ila atamleta nani? Tunu alilelewa na mama wa kambo, na hakutaka hata kukumbuka.

Ndipo likamjia lile wazo, na heri lisingemjia. Jumamosi alimwita Abbasi chumbani akamwambia amuoe Kuluthumu, mjane wa nyumba ya tatu, shoga yake, mwanamke mpole anayempenda yule mtoto. Abbasi akacheka. Alipoona mkewe hacheki akakasirika, akidhani anatiwa mtegoni. Alikataa Jumamosi, akakataa na Jumapili. Jumatatu Tunu akalia kweli, akasema amechoka, anataka mwenza wa kumchagua mwenyewe, na kama Abbasi anampenda asimuulize zaidi.  Jumanne Abbasi akaenda kunyoa. Jumatano wazee wawili wakapeleka posa kwa Awadhi, kaka yake Kuluthumu, nayo ikapokewa kabla chai haijapoa.

Alhamisi Tunu akarudi kwenye kile kiti. Wakamtanua midomo kwa plastiki, wakamvisha miwani mikubwa ya giza, wakamning'inizia mrija wa kunyonya mate, na daktari akaanza kukwangua. Hapo huwezi kusema, huwezi kumeza, huwezi hata kugeuza shingo. Kisha ukaja uzi mwembamba wenye mwanga mwekundu kwenye ncha, ukaingizwa kati ya fizi na jino, jino baada ya jino. Haukuuma. Alisikia joto kidogo tu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana aliamini mauti yanaingizwa taratibu. Akajiuliza kama mtoto wa miaka minne humkumbuka mama yake akikua. Machozi yakamteremka mpaka masikioni.

Daktari alipomwondolea vile vitu, Tunu akamshika mkono.

"Daktari, nina muda gani?"

"Muda wa nini, mama?"

"Wa kuishi."

Octavian akavuta kigoda akaketi. Akamweleza polepole kwamba ile ni leza, mwanga tu, si mionzi ya saratani. Inasaidia kupunguza vijidudu kule ndani ambako chombo cha kukwangulia hakifiki vizuri, na kazi kubwa ni ule usafi wenyewe. Hana saratani. Ana ugonjwa wa fizi, kama watu wengi tu, na akipiga mswaki ipasavyo na kurudi kila miezi mitatu, atatafuna nyama mpaka uzeeni. Akamwomba radhi kwa lile neno.

Tunu alitoka pale karibu acheze ngoma barabarani. Furaha ile ilimfikisha sokoni, kisha akakumbuka Jumatano. Akakaza mwendo hadi karakana ya Abbasi, akamkuta anapiga randa mbao za kitanda, akiimba chinichini. Akamweleza yote, mionzi, Mwanza, mtoto. Abbasi akamkumbatia, akasema alhamdulillahi mara mbili, na macho yake yakalowa kweli.

"Sasa waambie wazee warudishe neno, posa ivunjwe," Tunu akasema.

Abbasi akapangusa vumbi la mbao mikononi, taratibu mno. "Ungeniambia Jumamosi tungelia pamoja, Tunu. Nilikukatalia mara mbili."

"Najua. Rudisha neno."

"Siwezi."

"Unawaogopa wazee?"

"Wazee wangenielewa. Mimi ndiye sitaki," Abbasi akasema, akaishika tena randa.

Tunu akageuka, akaondoka. Nyumbani alimkuta Kuluthumu uani, mtoto mgongoni, amempikia uji mwepesi wenye maziwa kwa kuwa alisikia ametoka kutibiwa fizi na hawezi kutafuna. Akamsogezea kigoda, akamuuliza kwa upole kama anaumwa sana. Tunu akasema haumwi, akaupokea uji ule kwa mikono miwili, akanywa.