Pini ya Juu ya Mlingoti

"Apande mwenye diploma ya ufundi," binti yangu alisema, akanifunga kwenye kiti cha turubai cha kupandia mlingoti wa boti yetu. Nikapanda. Diploma ilikuwa kisingizio tu; mimi ndiye mwepesi, yeye ndiye mwenye mikono ya kuzungusha winchi ya kunivuta juu.

Kazi ilikuwa kubadilisha waya unaoushika mlingoti kwa mbele. Mpya ulivikwa bomba la alumini: bomba likizunguka, tanga la mbele linajikunja lote, nawe umekaa nyuma kwenye usukani unavuta kamba tu. Waya wa zamani tulishautoa. Kwa muda ule mlingoti ulishikwa na kamba ya akiba iliyotoka kileleni na kufungwa omo, mbele ya boti.

"Sasa hata nikiwa peke yangu nitakunja," akapaza sauti kutoka chini.

"Peke yako kwa nini? Si nipo?"

Akajifanya anapanga spana.

"Mama, nimepata kazi kule visiwani. Naenda na boti. Jumamosi."

"Na nani?"

"Si nimeshasema?"

"Nishushe."

"Mama, jamani..."

"Nishushe tutazamane!"

Akalegeza kamba. Sikushuka hata kidogo. Kamba iliyonibeba ilikuwa imejikaba kwenye winchi, mzunguko mmoja umekalia mwingine, na uzito wangu unazidi kuukaza. Akavuta, akagonga, akaitukana.

"Nivute kidogo kwa ile ya akiba, hii ilegee," nikamwambia.

"Ile ndiyo inashika mlingoti. Nikiifungua unakwenda majini nao."

"Kwa hiyo?"

"Mpaka waya mpya ufungwe, juu na chini." Akakohoa. "Pini ya juu unayo wewe."

Nilikuwa nayo kiganjani. Kiti kimenibana mapaja, miguu imekufa ganzi, jua liko utosini, na gati zima halina mtu wa kuitwa. Nikayatazama maji. Kuidondosha kungekuwa kazi ya kufungua vidole tu, na Jumamosi ingepita bila safari. Ila ningebaki huko juu nikining'inia, na yeye angekwenda kununua nyingine. Namjua, mbishi kama mimi.

"Mama, umelala?"

"Lete huo waya, ufunge na mdomo."

Nikamshushia kamba nyembamba, akafunga ncha ya waya, mimi nikavuta, yeye akisukuma bomba kutoka chini. Tundu la waya likakaa sawa na la mlingoti mara ya kwanza. Nilitamani ligome. Nikapitisha pini, nikaifunga isichomoke. Chini naye akafunga ya kwake, kisha akafungua kamba ya akiba, nikaivuta ncha yake kwa ile nyembamba na kuifunga kwenye kiti, akaninyanyua nayo kidogo mpaka iliyojikaba ikalegea. Nikashuka.

Nilikusudia kumpa kofi. Miguu ikakataa kusimama, akanidaka.

"Utafukuzwa huko. Hujui kuamka."

"Nitaamka, mama."

Tukapandisha tanga. Akanipa kamba ya kukunjia, nikavuta kwa mkono mmoja. Likajikunja lote. Nikalifungua, nikavuta tena.

"Kuna tatizo?"

"Nyamaza, naangalia."

Nikavuta mara nyingine. Halikukwama popote.